Mwalimu, usinunue gari la Krismasi

Mjomba wangu amestaafu. Amefundisha shule za msingi huku Cherangany zaidi ya miaka thelathini, pesa za kustaafu zimeingia, na kwa mara ya kwanza maishani anataka gari. Si ploti, si ng'ombe wa gredi, gari. Hata nyumbani tunamwita Mwalimu, kwa hivyo na hapa nitamwita hivyo. Juzi aliniita, akanipa kiti chini ya mparachichi, akaniuliza: "Wewe ndiwe hushinda kwa simu. Niambie kijana wangu, nichukue lile la stima tupu ama lile lenye vyote viwili?"

Nikafanya video fupi nikawatupia swali. Komenti zikaja kama mvua ya Aprili, na karibu zote zilisema kitu kimoja: chukua lenye vyote viwili, mzee asije akakwama njiani. "Haibridi ya kuchomeka ndiyo iko salama." "Kachibora si Nairobi bana." Kuna mmoja alisema nikimshauri mjomba wangu anunue la stima tupu nitakuwa nimemuibia pensheni.

Sasa leo nawajibu, na najua sitapendeza watu. Kwa mtu kama Mwalimu, mwenye nyumba yake Kachibora na stima yake ukutani, hiyo haibridi ya kuchomeka ndiyo itakayomla pensheni. Polepole, akitabasamu, akijiona mjanja.

Wacha tuelewane kwanza, maana nimeona watu wanachanganya. Kuna haibridi ya kawaida, ile Aqua na Prius mnazoziona Kitale kila siku. Hiyo huichomeki popote, inajichaji yenyewe kwa injini na breki, na kazi yake ni kupunguza mafuta. Hiyo siizungumzii. Kuna la stima tupu kama Nissan Leaf: hakuna injini, hakuna tangi, hakuna ekzosti. Halafu kuna haibridi ya kuchomeka kama Mitsubishi Outlander PHEV: ina betri unayoichaji kwa soketi, ikiisha injini ya petroli inachukua kazi. Hizi mbili za mwisho ndizo Mwalimu ameonyeshwa, zote kutoka Japani, zote za ndani ya ile miaka 8 tunayoruhusiwa kuagiza.

Namba ni hizi. Leaf ya kuanzia mwisho wa 2017 ina betri ya kilowati-saa 40. Wajapani waliipima wakasema inaenda kilomita 400, baadaye kwa kipimo kigumu zaidi wakasema 322. Sahau zote mbili. Gari lililotumika miaka sita saba, barabara za kwetu, watu wanne ndani, weka 160 hadi 200 hivi ukipata betri yenye afya. Outlander ya kuanzia 2018 ina injini ya lita 2.4 na betri ya kilowati-saa 13.8. Kwa karatasi inaenda kilomita 65 kwa stima. Kwa ukweli, na hiyo uzee, weka 40. Gari lenyewe lina uzito wa karibu tani mbili.

Ukisikia 40 dhidi ya 160 unaweza kusema, lakini hiyo ya 40 ina tangi la lita 45 nyuma yake. Kweli. Ndiyo maana nilimuuliza Mwalimu swali ambalo hakuna hata mmoja wenu aliniuliza: unaenda wapi?

Tukaandika kwa daftari, yeye ni mwalimu, anapenda daftari. Kachibora sentа kila siku, kwenda gazeti, posho mill, kuongea na wazee wenzake. Kilomita chache. Kitale mara tatu kwa wiki, kwa sababu ya benki, kliniki ya presha ya mama, na ile sacco ya walimu ambako yeye bado ni mtu wa kamati. Kwenda na kurudi tuseme kilomita 65 kutoka kwake. Kanisa. Mazishi, na mnajua huku mazishi hayaishi. Bungoma kwa mama mkubwa mara moja kwa miezi miwili, akilala huko. Halafu Nairobi, kuona watoto, mara tatu ama nne kwa mwaka.

Hiyo ndiyo orodha. Na mkiangalia vizuri, mnaona mnachotaka anunue: injini ya lita 2.4, tangi, radieta, ekzosti, oili, plagi, vyote avibebe kila siku mpaka Kachibora senta kununua gazeti, kwa sababu ya safari nne za mwaka za Nairobi. Ambazo kuna shatoli inatoka Kitale kila asubuhi na kila usiku.

Twende kwa pesa. Nimetumia tokeni ya shilingi 28 kwa yuniti ukijumlisha kodi na zile tozo zote, na petroli ya shilingi 180 kwa lita. Kwako ikiwa tofauti, badilisha. Safari moja ya Kitale, kilomita 65.

Leaf inakula kama yuniti 12, pamoja na zile zinazopotea wakati wa kuchaji. Shilingi 336.

Outlander iliyochajiwa ikajaa: yuniti kama 12 vilevile, kwa sababu ni zito na linakula, zikakupeleka kilomita 40. Shilingi 336. Zimebaki kilomita 25 za kurudi, hizo ni petroli, lita mbili na kitu kidogo, shilingi kama 375. Jumla mia saba na kumi hivi.

Outlander ambayo jana usiku ulisahau kuichomeka: kilomita 65 zote kwa petroli, na hapo ni injini inasukuma tani mbili. Kwa kilomita 12 kwa lita, ni shilingi 975.

Na Probox, gari la baba zetu, lisilo na teknolojia yoyote ya maana? Kwa kilomita 14 kwa lita, ni kama 835.

Rudia kusoma hapo. Haibridi ya kuchomeka ambayo haikuchomekwa inakula kuliko Probox. Na ile iliyochomekwa vizuri inaokoa shilingi mia na ishirini na tano tu kwa safari ukilinganisha na Probox, ilhali Leaf inaokoa karibu mia tano. Mara tatu kwa wiki, wiki 52, safari 156. Leaf, elfu 52 na kitu kwa mwaka. Outlander ya mtu mwenye nidhamu, elfu 110. Outlander ya mtu wa kusahau, elfu 152. Hii ni Kitale peke yake, sijaweka oili.

Mtu atasema, Mwalimu ni mtu wa nidhamu, atachomeka. Mimi nampenda mjomba wangu kuliko nyinyi, na nawaambia hatachomeka. Si yeye peke yake, ni binadamu. Gari likikuruhusu kuwa mvivu, utakuwa mvivu. Mvua inanyesha, kebo iko na matope, tokeni zimebaki kumi na tano na bado friji na taa, unasema wacha leo nilale, si kuna petroli. Kesho pia. Baada ya miezi mitatu kebo iko stoo chini ya magunia ya mbolea.

Hii si maoni yangu tu. Magari mapya ya Ulaya yana kifaa kinachorekodi mafuta yanayotumika kweli barabarani. Machi 2024 Tume ya Ulaya ilitoa ripoti ya magari yaliyosajiliwa 2021, na ikaonekana haibridi za kuchomeka zinatoa hewa chafu mara tatu na nusu ya ile iliyoandikwa kwenye karatasi zake. Mara tatu na nusu! Sababu waliyotoa ni hiyohiyo ya Kachibora: watu hawachaji kama ilivyodhaniwa. Na hao ni watu wenye chaja ukutani, na stima isiyopotea kila radi ikipiga.

La stima tupu halikupi hiyo nafasi. Usipochomeka, huendi. Linakufundisha tabia kwa nguvu, kama boda anavyojifunza kuweka mafuta baada ya kusukuma pikipiki mara moja tu kutoka Sibanga.

Sawa, sasa stima kupotea. Hii ndiyo komenti iliyokuwa na moyo mwingi, na ina haki yake. Nakumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu nzima ilizima, sehemu nyingine mpaka siku iliyofuata. Novemba ikazima tena, Desemba tena. Kwetu hapa radi ilipiga transfoma tukakaa wiki na siku mbili tunachaji simu kwa sola ya jirani, shilingi ishirini simu moja. Kwa hivyo sijifanyi naishi Uswisi.

Lakini fikirieni hesabu ya giza. Leaf ikiwa imejaa Jumapili usiku na stima ikapotea Jumatatu asubuhi, Mwalimu bado ana Kitale mara mbili, kwenda na kurudi. Kachibora senta peke yake, ana wiki mbili na zaidi. Nchi nzima haijawahi kukaa gizani wiki. Transfoma ya kijiji ndiyo hukaa, na transfoma ya kijiji ikiungua, Kachibora senta kuna stima, kwa shemeji Kitale kuna stima. Unalala huko usiku mmoja na gari limeshiba.

Na hiyo petroli mnayoiita salama, mmesahau Aprili 2022? Mimi sijasahau. Foleni za magari nje ya petroli stesheni, vibao vya "hakuna mafuta", watu wanauziwa kwa chupa za maji kando ya barabara kwa bei ya kuchukiza, na ilikuwa msimu wa kulima, trekta zimesimama. Ama Oktoba 2023, lita ya petroli Nairobi ilipovuka shilingi 217? Kila tarehe 14 ya mwezi tunakaa kwa simu tukingoja EPRA watuambie tutaishi vipi mwezi ujao. Hii nchi haichimbi petroli na kuisafisha, kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Kila tone linakuja na meli. Stima, bwawa la Turkwel liko hapo Pokot, megawati 106, maji yake yanatoka Mlima Elgon ambao Mwalimu anauona akifungua mlango. Nyingine inatoka kwa mvuke wa Olkaria. Ukiniuliza ni ipi iko karibu na nyumbani, sihitaji hata kufikiri.

Betri sasa. "Betri ikikufa utauza shamba." Hapa naomba mtulie kidogo kwa sababu kuna jambo sijasikia mtu wa huku akilisema.

Adui mkubwa wa betri ya Leaf ni joto. Haina mfumo wa kuipoza kwa maji kama magari mengine ya stima, inategemea hewa tu. Ndiyo maana Leaf zilizotumika sehemu za joto kali zimechoka haraka. Mtu wa Mombasa akiniuliza kama anunue Leaf kuukuu, nitamwambia afikirie mara mbili. Lakini Kitale iko mita 1,900 juu ya bahari, na sisi huku chini ya Cherangany tunavaa sweta Julai. Hakuna theluji ya kulala betri, hakuna joto la kuipika. Hii baridi yetu tunayoilalamikia ni dawa ya betri, na hakuna anayeitumia kama hoja.

Pili, angalia betri inavyofanya kazi. Kwa ile safari ya Kitale, Leaf inatumia kama theluthi ya betri yake, inarudi nyumbani imebaki na nguvu. Outlander inatumia sehemu kubwa zaidi ya betri yake, kila safari, halafu inajazwa tena. Betri haipendi kukamuliwa hivyo. Betri ndogo inafanya kazi ya punda, kubwa inafanya kazi ya fahali. Mnaogopa betri ya Leaf itakufa, halafu mnamwambia mzee achukue gari ambalo betri yake ni ndogo mara tatu na inakamuliwa zaidi. Ikichoka, kilomita 40 zinakuwa 30, zinakuwa 25, na hapo umebaki na nini? Gari zito la petroli la lita 2.4 ambalo umelinunua kwa bei ya juu. Bei walizomtumia Mwalimu zilitofautiana kwa laki kadhaa, na la stima tupu ndilo la chini.

Hata serikali, kwa mara moja, imeweka jambo wazi. Sheria ya fedha ya 2019 ilishusha ushuru wa bidhaa wa magari ya stima kutoka asilimia 20 hadi 10. Lakini ni ya stima kwa asilimia mia moja. Ukiwa na tangi, hiyo si sahani yako.

Fundi naye. Kwenye komenti mliandika "injini fundi wetu anaijua." Ni kweli, fundi wa Kachibora anaijua injini. Je, anazijua zile nyaya za rangi ya machungwa zilizopita chini ya gari? Hizo zinabeba umeme wa mamia ya volti, na zinaua. Outlander ina injini, ina jenereta, ina mota ya mbele, ina mota ya nyuma, ina betri kubwa, halafu kompyuta ya kuwasuluhisha wote wasigombane. Umenunua magonjwa ya magari mawili. Oili utabadilisha, filta utabadilisha, na siku taa ya manjano ikiwaka kwenye dashibodi fundi atakuambia "hii ni ya stima, mimi sigusi," na mtu wa stima Eldoret atakuambia "hii ni ya injini." Leaf ikiharibika upande wa stima utaenda kwa huyohuyo mtu wa Eldoret, sikatai. Tofauti ni kwamba hakuna mlango mwingine wa kutoa pesa. Breki, shokamzoba, bushi, matairi, hizo fundi wetu anaziweza akiwa amelala.

Nilisema sitadanganya, kwa hivyo hapa ndipo haibridi inanishinda. Matope. Kutoka lami mpaka kwa Mwalimu kuna kipande, na mwezi wa tano kipande hicho si barabara, ni shamba la mpunga. Outlander imeinuka, inavuta magurudumu yote manne. Leaf iko chini, na tumbo lake ndilo betri. Kugonga jiwe na tumbo la Leaf si kama kugonga na Probox. Nilimwambia Mwalimu ukweli huo, akacheka, akasema hiyo ni tripu tatu za murram na vijana wawili wenye jembe, bei yake haifiki hata robo ya zile laki za tofauti. Na siku mbaya kabisa gari linalala kwa jirani aliye karibu na lami. Probox nazo hulala hapo, mbona hazichekwi?

Kama wewe uko ndani zaidi, upande wa kupanda Kapcherop, na kila siku ni mlima na utelezi, sina ugomvi na wewe. Kupanda kunakula betri vibaya, ingawa kushuka inarudisha kiasi, bora usianze kushuka ikiwa imejaa maana haitakuwa na mahali pa kuweka. Kama kazi yako ni magunia ya kilo 90, hata usisome zaidi, tafuta pikapu. Kama umepanga nyumba na mita iko kwa jina la landlodi anayehesabu kila yuniti, la stima tupu litakupa ugomvi kila mwezi. Na kama wewe ni mtu wa Kitale–Nairobi kila wiki, nunua mafuta yako kwa amani. Sisemi kila mtu. Nasema Mwalimu, na wengine wengi wanaofanana naye huku: wastaafu, walimu, manesi, wafanyabiashara wenye duka Kachibora na nyumba kilomita nne kutoka dukani. Watu ambao gari lao halijawahi kutoka nje ya Trans Nzoia siku mia tatu za mwaka.

Bungoma je? Kupitia Kitale na Kimilili ni kama kilomita mia moja kwenda. Leaf inafika. Kurudi siku hiyohiyo bila kuchaji, hapana, nisikudanganye. Lakini Mwalimu hulala kwa mama mkubwa, amelala huko miaka yote tangu nikiwa mtoto, na mama mkubwa ana soketi. Atamnunulia tokeni za mia tatu na hamsini, kilo mbili za sukari, na asubuhi gari liko sawa. Ukienda kwa watu na mkono mtupu ndio shida.

Na ile Nairobi yenu. Nimekaa na wazee wanaojua kuendesha. Hakuna hata mmoja wa umri wa Mwalimu anayefurahia kupanda Timboroa usiku nyuma ya trela, akashuka Nakuru, akapambana na Rironi, halafu akatafuta maegesho Githurai. Wanaenda na shatoli, wanalala njiani, wanaamka wamefika. Hilo gari la Nairobi mnalomnunulia mtaliendesha nyinyi wapwa na watoto wake Krismasi, yeye akiwa ameketi kiti cha nyuma anashika mshipi kwa mikono miwili. Semeni ukweli tu.

Kuna jingine nataka kulitoa kifuani. Baada ya ile video, muuzaji mmoja wa magari aliniandikia inboksi. Sitasema ni nani wala wa mji gani. Alitaka nifanye video tatu za haibridi za kuchomeka, nitumie maneno "amani ya moyo," na angenilipa kiasi ambacho kwa kijana wa Kachibora si kidogo, sijui mnanielewa. Nilikaa na hiyo meseji siku mbili. Simu yangu kioo kimepasuka. Halafu nikamuuliza swali moja: hayo magari, unaweza kunitumia picha ya afya ya betri ya kila moja? Akaniambia wateja hawaulizi hiyo. Hapo ndipo nilipoamua kuandika hii badala ya ile.

Kwa sababu hiyo ndiyo siri ya biashara yenyewe. Betri ya Leaf ikichoka, mnunuzi anajua siku ya kwanza: ile mistari 12 kwenye dashibodi inapungua, kilomita zinapungua, si rahisi kuficha. Betri ya Outlander ikichoka, injini inaifunika. Gari linaenda tu, na wewe unadhani ni mafuta yamepanda bei. Unaweza kuuziwa haibridi ya kuchomeka iliyokufa nusu na ukaiendesha miaka miwili ukishukuru.

Kwa hivyo Mwalimu, na wewe unayesoma ukiwa na swali hilohilo. Usilipe kabla ya kuonyeshwa afya ya betri kwa asilimia. Kuna kifaa kidogo kinachomekwa chini ya usukani na programu inaitwa LeafSpy, inasoma kila kitu. Chini ya 80 mimi ningeondoka. Usihesabu chaja za barabarani, soketi ya Leaf ya Japani ya kuchaji haraka si ile ambayo magari mapya ya Ulaya na Uchina yanatumia, hesabu ukuta wako tu. Na huo ukuta, tafadhali. Nyumba nyingi huku zimefungwa waya mwembamba na mtu aliyejifunza kwa kuangalia, na hakuna ethi. Gari likivuta kilowati 3 usiku kucha kwenye soketi ya pasi, hiyo soketi itayeyuka. Leta fundi wa stima aliyesajiliwa, avute laini yake peke yake kutoka kwa boksi, waya mnene, swichi yake, na chuma cha ethi ardhini. Pia uliza kuhusu tarifa ya kuchaji magari iliyoanza Aprili 2023, wakati huo ikiwa shilingi 16 kwa yuniti na 8 saa za usiku, kabla ya kodi na tozo. Si ya mita yako ya kawaida ya tokeni, na imewekewa watu wa zaidi ya yuniti 200 kwa mwezi.

Jumamosi tunaenda Eldoret kuangalia Leaf moja, ya buluu, mistari 11 kati ya 12 kwa picha. Mwalimu amebeba daftari. Mimi nimebeba kile kifaa, nimeazima. Kama kuna mwenye Leaf aliyewahi kupanda nayo Kapcherop akiwa na watu wanne, aniandikie hapa chini alianza na asilimia ngapi na akafika na ngapi. Si maoni, nataka namba.